Utayari wa dharura na tahadhari ni mambo mawili

Katika ripoti za usalama kazini ninazopewa kuhariri hapa Kampala, nimekutana mara nyingi mno na maelezo kwamba utayari wa dharura umekamilika kwa sababu mitungi ya kuzimia moto imenunuliwa. Utayari wa dharura ni uwezo wa wafanyakazi kutenda yapasayo, bila kungoja kuelekezwa, pindi moto, mlipuko au ajali inapozuka. Kinachoelezwa katika ripoti hizo ni tahadhari.

Tahadhari ni ndugu wa hadhari: yote mawili yametoka katika mzizi wa Kiarabu wa kujichunga na jambo ambalo bado halijafika, na ndiyo maana tunasema kwamba tahadhari huchukuliwa. Tayari nalo, wachunguzi wa asili ya maneno huliunganisha na mzizi wa Kiarabu wa kuruka, ule ule uliotupa tiara, kile kishada ambacho watoto hukirusha. Hakuna Mswahili anayesema amechukua utayari. Mtu huwa tayari, na kiambishi u- kinataja hali iliyomo ndani yake mwenyewe, hali ambayo haiwezi kununuliwa wala kutundikwa kando ya mlango.

Nalishikilia jambo hili kwa sababu tahadhari ikishindwa, kinachobaki ni utayari peke yake. Mtungi wa maji ukielekezwa kwenye swichi ya umeme inayowaka waweza kumuua anayeushika, kwa hiyo mtungi uliokaguliwa jana bado ni hatari mikononi mwa asiyeujua. Je, mfanyakazi wa zamu ya usiku anajua njia ya pili ya kutokea iwapo ngazi imejaa moshi? Nani atapiga 999 au 112, ambako polisi hupokea pia taarifa za moto, na nani atahesabu watu mahali pa kukusanyika, ili mtu asirudi ndani kumtafuta mwenzake aliyekwisha kutoka? Majibu hayo hupatikana kwa zoezi linalorudiwa, likiwahusisha pia walioajiriwa wiki iliyopita, ambao semina ya mwaka jana haikuwakuta.

Basi ndugu mwandishi wa ripoti, mitungi ikishanunuliwa, andika kwamba tahadhari imechukuliwa, maana hilo ni kweli na ni jema. Neno utayari liweke kando mpaka kengele ilie, watu watoke, na majina yao yahesabiwe.