Kufika uwanjani si kazi, kazi ni kutoka: dhana potofu kuhusu maegesho ya wikendi ya mbio

Wiki moja kabla ya mbio kubwa za magari kila shabiki anajua nani anatazamiwa kuanza safu ya mbele na mvua itanyesha saa ngapi. Gari lake mwenyewe analikumbuka akiwa tayari kwenye foleni, na hapo huanza kutumia ushauri wa kijiweni. Karibu wote unahusu kufika mapema. Lakini watazamaji laki moja hawafiki pamoja. Wengine huingia alfajiri, wengine saa nne, na wengine wamelala kambini tangu Alhamisi. Wanaondoka pamoja.

"Egesha karibu na lango kadiri utakavyoweza"

Hii ndiyo inayowaponza wengi, kwa hiyo tuikalie kidogo. Njia moja ya barabara, hali ikiwa nzuri kabisa na magari yakitiririka bila kusimama, hupitisha takriban magari 1,800 hadi 2,000 kwa saa. Kwenye mdomo wa shamba lililogeuzwa maegesho, ambako mistari mitano inajipenyeza kuingia mmoja, idadi hiyo huanguka vibaya. Piga hesabu rahisi: magari 10,000, njia mbili za kutokea, kila njia ikipitisha 1,000 kwa saa. Gari la mwisho litatoka baada ya saa tano. Ni kumimina pipa la maji kupitia shingo ya chupa. Ukilitikisa pipa, shingo haipanuki. Honi, ujanja na kupita pembeni havibadilishi chochote.

Maegesho yaliyo mlangoni yana balaa la ziada, nayo ni watu wanaotembea. Bendera ya mirabamiraba ya kumaliza mbio ikishashuka, umati hutoka kwenye majukwaa na kuvuka mbele ya magari hayo hayo yaliyoegeshwa "pazuri". Trafiki husimamisha magari ili watu wapite, na wana haki. Mwenye gari pale hukaa ndani injini ikiunguruma, akitazama migongo ya watu. Yule aliyeegesha mwendo wa nusu saa kwa miguu hufika kwenye gari lake, akawasha, akashika barabara ambayo umati haujaifikia.

Kwa hiyo swali la kuuliza unaponunua pasi ya maegesho si "ni mita ngapi hadi langoni?" Uliza: gari likitoka hapa, linalazimishwa kuelekea wapi? Kwenye mbio nyingi kubwa kila eneo la maegesho hupangiwa upande wake wa kutokea, na huruhusiwi kukata kona uitakayo. Ukiwa unarudi kusini na eneo lako linatolea kaskazini, utaanza safari kwa kwenda mbali na nyumbani. Halafu usidhani pasi yoyote inaingia popote. Rangi au herufi iliyo kwenye pasi inaelekeza hata barabara ya kukaribia uwanja, na ukifika lango lisilo lako utageuzwa, urudi mwisho wa foleni nyingine.

"Viwanja vikubwa vilishamaliza matatizo haya zamani"

Julai 2011 uwanja wa Kentucky Speedway, Marekani, uliandaa kwa mara ya kwanza mbio za ngazi ya juu za NASCAR, chama cha mbio za magari cha huko. Barabara kuu ya kuingilia ilijaa, maegesho hayakutosha, na maelfu ya watu wenye tiketi mkononi hawakuona mbio. Baadhi walirudishwa wakiwa wamekaribia kabisa, kwa kuwa njia zilihitajika kwa wanaotoka. Baadaye maegesho yaliongezwa na barabara ikapanuliwa.

Ufaransa ilipoirudisha Grand Prix yake, yaani mbio zake za Langalanga (Formula 1), mwaka 2018 katika uwanja wa Paul Ricard, foleni za kwenda kule mlimani ziliwafanya watu wakose mazoezi ya Ijumaa. Na Silverstone, Uingereza, ambako wana uzoefu kuliko karibu mtu yeyote, mwaka 2000 mbio zilisogezwa hadi Aprili, mvua ikanyesha, maegesho ya nyasi yakageuka tope na kufungwa Jumamosi, siku ya kuwania nafasi za kuanzia mbio. Miaka miwili baadaye barabara ya A43 inayopita hapo ilipata njia mpya ya mchepuko yenye njia mbili kila upande. Foleni ikapungua sana. Tope halikusikia: Julai 2012 mvua iliwalazimu waandaaji kuwaomba wenye pasi za maegesho ya umma wasije Jumamosi, ili mashamba yapumue kwa ajili ya Jumapili.

"Toka mizunguko mitano kabla, utawawahi wote"

Wazo hili unalo wewe na watu elfu kumi wengine. Isitoshe, barabara nyingi hufanywa za upande mmoja: asubuhi za kuingia, jioni za kutoka, na kuna muda wa kugeuza. Ukiwahi mno unaweza kukuta njia yako bado haijafunguliwa, ukasikiliza mwisho wa mbio kwenye redio ya gari. Kuchelewa ndiko kunakolipa. Kaa, kula, tazama utoaji wa vikombe; viwanja kadhaa huwafungulia watazamaji lami baada ya mbio, na saa moja na nusu huyeyuka bila kuisikia.

"Ramani ya simu itanitoa"

Ramani inajua barabara za siku za kawaida. Kibao kilichochomekwa jana usiku na barabara ya kijiji iliyofungwa kwa wasio wakazi huenda isivijue. Dereva anayeifuata simu badala ya vibao vya njano huishia kubishana na askari kwenye kizuizi, na hashindi. Fuata vibao.

Kuna dhana nyingine kinyume cha hiyo: kwamba mtandao ukizidiwa, simu haina faida tena. Mtandao huzidiwa kweli mahali penye watu laki moja wanaotuma video, lakini GPS haitegemei mtandao wa simu. Ukipakua ramani ya eneo zima nyumbani na kuweka alama mahali ulipoegesha, itakurudisha hata pasipo na mnara hata mmoja. Tiketi na pasi nazo zihifadhi ndani ya simu, usitegemee kuzifungua langoni. Na piga picha ya nguzo ya mstari wako, ile yenye herufi na namba, ukisimama ili ionekane na kitu kisichohama nyuma yake: mti, paa, mnara wa taa. Hema jekundu la jirani linaweza kuwa limeshaondoka.

"Treni ni ya asiye na gari"

Mbio ziliporudi Zandvoort, Uholanzi, mwaka 2021, mpango mzima ulisimama juu ya treni na baiskeli. Treni 12 kwa saa zilipelekwa mji ambao siku za kawaida hauzioni nyingi hivyo, na watazamaji wa kawaida waliambiwa wazi wasije na gari mjini. Montreal, Kanada, mbio ziko kisiwani na kituo cha metro cha Jean-Drapeau kiko jirani. Melbourne, Australia, mwenye tiketi hupanda bure tramu maalumu za kwenda uwanja wa Albert Park. Mahali kama hapo gari ni mzigo.

Tahadhari ni ya saa ya kurudi. Watu hukata tiketi ya treni kwa kukadiria kwamba mbio huchukua saa moja na nusu. Katika Langalanga kanuni huruhusu mbio zenyewe saa mbili, na zikisimamishwa kwa bendera nyekundu, zinaweza kufika saa tatu tangu kuanza. Spa, Ubelgiji, mwaka 2021, mbio zilizopangwa saa 9 alasiri zilikaa zikingoja mvua hadi baada ya saa 12 jioni, kisha magari yakazunguka kidogo tu nyuma ya gari la usalama, lile linaloyaongoza polepole. Aliyekuwa na basi la saa 11 alichagua kati ya basi na mbio.

"Nikishaegesha, safari imekwisha"

Mzunguko mmoja wa Silverstone ni kilomita 5.891, Spa 7.004, Le Mans 13.626. Wewe hutembei kwenye lami. Unazunguka nje ya uzio na unavuka kwa madaraja na mahandaki tu, ambayo saa nyingine hufungwa au hujaa. Spa, zaidi ya hayo, ina milima. Viatu vipya vinunuliwe wiki nyingine.

"Gari langu lina nguvu, halikwami"

Nguvu ndiyo inayochimba shimo. Kwenye nyasi zilizolowa, anza na gia ya pili au hali ya theluji kama gari linayo, kanyaga kidogo mno, na tairi likianza kuzunguka bure acha mara moja. Mwenye pikipiki atie kipande cha ubao au bati chini ya stendi, la sivyo ataikuta imelala. Ukikwama, trekta lipo na dereva wake anajua kazi. Atakachouliza kwanza ni pete ya kuvutia. Katika magari mengi ya sasa huifungi kwa kamba popote: ni chuma chenye nyuzi za skrubu, huskruiwa nyuma ya kifuniko kidogo cha bampa, na chuma hicho hukaa chini ya zulia la buti pamoja na jeki. Maana yake itabidi ushushe hema, viti, masanduku na kila ulichopakia, kwenye tope, huku foleni nzima ikikungoja.