Mapokeo na mozeta ya Papa Leo

Tangu jioni ya tarehe 8 Mei 2025, Papa Leo XIV alipotokea kwenye roshani ya Basilika la Mtakatifu Petro akiwa na mozeta, lile joho fupi jekundu la mabegani, kuna maneno hayaishi vinywani mwa Wakatoliki: "Papa amerudisha Mapokeo." Maana yake Papa Francisko, aliyesimama hapo hapo mwaka 2013 na kanzu yake nyeupe bila mozeta, aliyatupa. Inaniuma, kwa sababu huko ni kumsingizia marehemu jambo zito sana.

Mapokeo ni imani yenyewe, waliyoipokea Mitume kwa Kristo wakaikabidhi kwa Kanisa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Dei Verbum (1965), unafundisha kwamba Mapokeo na Maandiko Matakatifu yanatoka katika chemchemi moja. Papa ni mtumishi tu wa Mapokeo hayo.

Mozeta ni desturi. Tena si hata vazi la Misa! Misa huadhimishwa kwa alba (kanzu nyeupe ya ibada), stola (utepe mrefu wa shingoni) na kasula (vazi la juu la padre). Mozeta ni vazi la cheo. Itazameni tena ile jioni ya 2013: ulipofika wakati wa baraka ya Urbi et Orbi, yaani kwa mji wa Roma na dunia, Francisko alivaa stola, akabariki kwa Kilatini, kisha akaivua na kuibusu. Papa Leo naye alibariki kwa Kilatini. Na taji la kipapa je? Paulo VI aliliweka kando mwaka 1964, na tangu hapo hakuna Papa aliyevikwa, Benedikto XVI akiwemo.

Liturujia, yaani ibada rasmi ya Kanisa, ndiyo inayowachanganya wengi, kwa kuwa ina sehemu zisizobadilika, alizoziweka Mungu, na nyingine ambazo Kanisa laweza kuzibadili. Papa Leo anapenda kuimba; tarehe 11 Mei 2025 aliimba sala ya Malkia wa Mbingu kwa Kilatini pale roshanini, nami nilifurahi mno. Mwezi uliofuata alitembea kwa miguu na monstransi, chombo cha kuonyeshea Ekaristi, toka Basilika la Laterano hadi lile la Santa Maria Maggiore, huko Roma. Lakini Misale, yaani kitabu cha Misa, anayoitumia ni ile ile ya Paulo VI aliyoitumia Francisko.

Basi, ndugu zangu, anayependezwa na mozeta aseme tu kwamba Papa Leo amerudia desturi ya watangulizi wake. Hilo ni kweli, wala halimvunjii heshima Papa Francisko.