Nani Alimwambia Aende? Askari Kijana Katika Hadithi za Vita

Kila mwaka vijana wanaomaliza kidato cha sita huitwa JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa mujibu wa sheria, na kwa sisi wa Arusha na Moshi kambi ya Oljoro si jina geni. Wanarudi nyumbani wameiva kwa jua, wamezoea kuamka alfajiri, wanajua kupiga kwata. Baadhi yao hupita maktabani wakisubiri nafasi za vyuo, na mara nyingi wanachoulizia ni vitabu vya vita. Kazi yangu ni kuwashauri wasomaji, kwa hiyo maswali yao huishia mezani kwangu.

Wanataka mapigano: nani alimzidi nani mbinu, mzinga gani ulilia wapi. Hakuna ubaya. Ila anayesoma riwaya ya vita kwa kusaka mapigano tu huzipita mbio kurasa ambazo mwandishi alizihangaikia zaidi, zile ambazo hakuna risasi inayolia na kijana amekaa tu, na kitu ndani yake kinakatika. Ninaziandikia kurasa hizo.

Tukisema askari kijana amevunjika moyo, wengi hudhani ameogopa. Sivyo. Katika riwaya nzuri woga huja mapema, siku ya kwanza ya mizinga, na askari huuzoea. Kinachomvunja ni kingine. Anatambua kwamba wakubwa waliomhimiza aende, awe mwalimu, chifu, mchumba au mzee wa mtaani mwenye hadithi tamu, walikuwa wakisema jambo wasilolijua, au wanalijua na wamelificha. Kwa hiyo huwa ninawapa wasomaji swali moja la kwenda nalo tangu ukurasa wa kwanza: nani alimwambia aende?

Erich Maria Remarque, Mjerumani, aliingizwa jeshini mwaka 1916 akiwa na miaka 18, na mwaka uliofuata akajeruhiwa. Riwaya yake ya Vita ya Kwanza ya Dunia, Im Westen nichts Neues (kwa Kiingereza All Quiet on the Western Front), ilitoka kama kitabu mwaka 1929. Anayesimulia ni Paul Bäumer, mwanafunzi aliyekwenda vitani pamoja na wenzake wa darasa moja. Aliyewapeleka ni mwalimu wao, Kantorek, kwa hotuba darasani, mpaka darasa zima likafuatana naye kwenda kujiandikisha. Mmoja wao, Joseph Behm, kijana mnene, mpole, alisita. Hatimaye naye akaenda, maana nani angekubali kuitwa mwoga mbele ya wenzake na wazazi wake? Behm ni miongoni mwa wa kwanza kufa.

Remarque hamfanyi Kantorek kuwa shetani. Ni mwalimu kama walimu wengine, anaamini anachosema. Hapo ndipo palipo na uchungu, kwa sababu vijana walimwamini kwa kuwa alikuwa mwalimu wao, aliyewafundisha na mambo mengine yaliyokuwa kweli. Paul anasema kwamba kifo cha kwanza walichokiona ndicho kilichobomoa imani hiyo. Tangu siku ile hawakuwa na mkubwa wa kumsikiliza.

Halafu kuna zile buti. Kemmerich, mwenzao, amelazwa hospitali ya nyuma ya mapigano, amekatwa mguu. Chini ya kitanda chake zipo buti za rubani wa Kiingereza, ngozi laini ya manjano, za kufunga kwa kamba mpaka juu. Müller amekuja kumtazama mgonjwa. Anaziona, anazishika, anazilinganisha na zake zinazomtoa malengelenge, na anauliza kama Kemmerich ataziacha. Nikisoma sehemu hii na wanafunzi wa kidato cha tano, wengi humkasirikia Müller palepale. Mwenzako anakufa, wewe unaulizia viatu! Tunasoma tena polepole. Müller hana roho mbaya. Kama buti zile zingekuwa na faida kwa Kemmerich, angekuwa radhi kutembea peku juu ya seng'enge kuliko kuwaza kuzichukua. Lakini Kemmerich hatazivaa tena, na zikibaki zitachukuliwa na mhudumu wa wodi. Kemmerich anakufa, Müller anazivaa. Müller anakufa, zinamfikia Paul, naye ameshamwahidi Tjaden kwamba akifa yeye zitakuwa zake. Ukitaka kujua vita imewafanya nini wavulana hawa, hakuna hotuba itakayokueleza zaidi ya safari ya buti hizo. Wamejifunza kufikiri hivyo, wala hakuna anayeona ajabu.

Mimi, hata hivyo, naona kilele cha riwaya ni sura ya likizo. Paul anapata ruhusa ya kwenda nyumbani. Mama yake mgonjwa anamuuliza kama huko hali ni mbaya, anamdanganya. Baba yake anataka simulizi za vita, na Paul anahisi kwamba akiyatia mambo yale katika maneno yatakuwa makubwa kuliko yeye. Kisha anakaribishwa kwenye meza ya wazee wa mji. Anapewa sigara, anaagiziwa bia, na mkuu wa shule mmoja anapanga nchi zipi zichukuliwe: Ubelgiji yote, maeneo ya makaa ya mawe ya Ufaransa, na kipande cha Urusi. Kijana akijaribu kusema kwamba vita si kama wanavyodhani, anaambiwa kwamba yeye anaona sehemu yake ndogo tu, hawezi kuona picha nzima. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na hapa aliyekilalia ndiye anayefundishwa habari za kunguni. Paul anapanda chumbani kwake, anatazama vitabu alivyovipenda akiwa mwanafunzi, anavisubiri vimwambie kitu. Havimwambii. Anatamani asingekuja likizo.

Afrika nayo imeandika habari hii, na kwa makali yake. Ken Saro-Wiwa wa Nigeria alitoa Sozaboy mwaka 1985, juu ya vita ya Biafra, ya wenyewe kwa wenyewe huko Nigeria, ya 1967 hadi 1970. Mene ni utingo wa lori katika kijiji cha Dukana, anajifunza udereva. Hana habari vita inahusu nini. Anachojua ni kwamba Agnes, msichana anayempenda, anataka mwanamume atakayemlinda matata yakija, na kwamba Zaza, aliyewahi kupigana Burma, anaringa kijiji kizima kwa hadithi zake. Wasomaji wa huku watamtambua Zaza haraka, maana vijana wa Tanganyika nao walipelekwa Burma na jeshi la kikoloni la Waingereza, KAR (King's African Rifles), katika Vita ya Pili ya Dunia, na waliorudi walikuwa na ya kusimulia. Mene anatamani gwanda na heshima inayokuja nalo. Anaijua sura ya vita kutoka kwa mtu ambaye alichagua ya kusema.

Anayoyakuta ni njaa, kapteni anayewadhalilisha askari wake, na ndege inayowamaliza wenzake kwa mabomu. Yupo pia mtu mmoja, Manmuswak, anayetokea upande huu na baadaye upande ule bila kutahayari, na Mene anashindwa kuelewa adui ni nani hasa. Mwisho anazunguka kambi za wakimbizi akimtafuta mama yake na Agnes. Huko anamkuta chifu wa Dukana akinufaika na chakula cha wakimbizi. Anaporudi kijijini watu wanamkimbia wakidhani ni mzimu. Mene hatoi hukumu ndefu. Anasema tu kwamba mtu akimtajia vita, atakimbia.

Na sisi tuliopo chini ya Kilimanjaro? Vita ya Kwanza ya Dunia ilipita hapa hapa. Novemba 1914 Waingereza walishambulia Longido wakarudishwa nyuma. Machi 1916 jeshi la Jenerali Smuts lilitokea Taveta, likaingia Moshi, na kabla mwezi haujaisha likapigana Kahe, kwenye reli ya Tanga. Upande wa Wajerumani wengi walioshika bunduki walikuwa askari Waafrika. Nyuma ya majeshi yote walitembea wapagazi, waliouawa na kuhara, malaria na njaa kuliko risasi. Taveta kuna makaburi ya kijeshi yenye majina yaliyochongwa. Wapagazi wengi hawana hata jiwe.

Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, amewarudia vijana hao katika Afterlives, iliyotoka 2020. Hamza anajiunga na jeshi la Wajerumani kwa hiari, ila hakuna Kantorek aliyemhutubia. Anakimbia maisha yaliyomchosha. Afisa mmoja anampenda, anamfundisha Kijerumani, na papo hapo anamdharau, na Hamza anajikuta amebanwa kati ya hisani na fedheha. Jeraha linalomwacha akichechemea halikutoka kwa Mwingereza. Lilitoka kwenye upanga wa sajenti Mjerumani wa upande wake mwenyewe. Gurnah hampi hotuba ya uchungu. Anamrudisha mjini akiwa mtu wa maneno machache, anayetafuta kazi na mahali pa kulala, na ukimya huo unasema mengi. Aliyeamini kwelikweli ni Ilyas, aliyesomeshwa na Wajerumani na kuwaona watu wema. Khalifa, rafiki yake, anamwonya kwamba vita ile ni ya wavamizi wawili. Hasikii. Sitaeleza Ilyas anaishia wapi, kwa sababu kurasa zile za mwisho zinastahili kusomwa na mtu ambaye hajaambiwa.

Tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, ya mwaka 1969, inalitatiza swali langu, na ndiyo maana naipenda. Vijana wa Maji Maji, vita ya 1905 hadi 1907, waliambiwa kwamba maji yatawakinga na risasi. Maji hayakuwakinga. Kwa hesabu ya Remarque, Kinjeketile angekuwa Kantorek mwingine. Lakini Hussein anatuonyesha mtu aliyelibeba neno, akalitilia shaka, akaona watu wakilitwaa na kwenda nalo vitani kabla ya wakati alioutaka. Wajerumani wanamtaka akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa, kwa kuwa anajua kukiri kwake kutageuzwa kuwa fundisho kwa watoto wa kesho kwamba baba zao walikosea kupigania uhuru. Hapa neno lililowaua vijana ni lilelile lililowaunganisha watu waliokuwa mbalimbali, na Hussein hamruhusu msomaji kuchagua upande kwa urahisi.

Kuna wazazi na walimu wanaohofia kwamba vitabu hivi vitawafanya vijana waoga au wadharau jeshi. Hofu hiyo ni ya zamani. Mei 1933 Wanazi walikichoma kitabu cha Remarque hadharani, wakidai kinawasaliti askari. Lakini asomaye kwa makini haoni popote askari akidharauliwa. Paul na wenzake wanapendana na kubebana mpaka mwisho, na mapenzi hayo ndiyo kitu pekee ambacho vita haikuweza kuwanyang'anya. Sisi tuna sababu zaidi ya kutokuogopa. Novemba 1978, Kagera ikiwa imevamiwa, Mwalimu Nyerere aliwaeleza wananchi kwamba uwezo, sababu na nia ya kumpiga Amin vyote vipo, na waliokwenda walijua wanatetea ardhi yao. Machi 1979 Waganda waliokuwa uhamishoni walikutana hapa Moshi kupanga serikali ya baada yake. Vita ile ilikuwa ya haki. Hata hivyo kijana wa miaka 20 aliyevuka mpaka wa Mutukula alibeba mambo ambayo gwaride haliwezi kuyasema, na aliporudi kijijini Rombo au Meru alikuta watu wanataka simulizi kama baba yake Paul. Tuna nyimbo na tenzi za Kagera zinazosifu ushindi. Riwaya ya Kiswahili itakayokaa na kijana huyo usiku, baada ya sherehe kwisha, naisubiri kwa hamu. Waliokuwa huko wapo bado, wamezeeka, na kijana mwenye kipaji cha kuandika angefanya vema kwenda kuwaamkia na kuwasikiliza mapema.

Anayetaka kuanza kusoma, aanze na Kinjeketile, kwa kuwa ni fupi na ni ya Kiswahili tangu mwanzo. Kisha asome Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Gurnah iitwayo Paradise, iliyotolewa 2022 na Mkuki na Nyota, ambayo inaishia pale kijana Yusuf anapoufuata mbio msafara wa askari. Baada ya hapo Afterlives itamsomekea vizuri zaidi. Walimu wasio na muda wa kitabu kizima cha Remarque wanaweza kuchukua sura ya 7, ile ya likizo, maana inajitegemea. Vipindi viwili vinatosha: kimoja cha kuisoma kwa sauti, na kingine cha wanafunzi kumjibu yule mkuu wa shule, kwa maneno ambayo Paul alishindwa kuyatoa mezani.