Slasha ya trekta iliyolala miaka: kabla ya kuiingiza kwenye mikorosho

Mvua zinapokatika huku Kusini mwa Tanzania, wakulima wa korosho huwa na kazi zisizosubiriana: palizi, kupogolea, na kupulizia salfa kabla ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, haujashika maua. Vibarua wa palizi wanapoadimika, watu huikumbuka slasha ya trekta, mashine ya kufyekea nyasi inayofungwa nyuma ya trekta, iliyolala nyuma ya ghala tangu mwenye nayo alipostaafu au kufariki, na fundi wa zana za kilimo kama mimi huitwa kuamua iwapo bado inafaa. Mara nyingi mwenye mashine huwa amekwisha kuvitazama visu na kuigonga kutu kwa nyundo. Hivyo ni vitu vya kuangalia, lakini visu hubadilishwa na bamba la chuma linalovifunika likitoboka huchomelewa. Mimi huamua kwa kutazama zile sehemu zinazozuia madhara, kwa sababu ndizo ambazo watu huziondoa kwanza na kuzirudisha mwisho, kama wanazirudisha.

Utendaji wa mashine yenyewe ni mwepesi kueleweka. Shafti ya PTO, yaani mhimili wa nyuma ya trekta unaopeleka nguvu ya injini kwenye zana, katika matrekta mengi tuliyonayo huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara tisa kila sekunde, na giaboksi iliyokaa juu ya bamba huongeza kasi hiyo hadi karibu maradufu kabla ya kuifikisha kwenye visu. Slasha yenye upana wa kukata wa mita 1.5, visu vyake vikizunguka mara 1,000 kwa dakika, huwa na ncha za visu zinazosafiri kilomita 280 hivi kwa saa. Kwa mwendo huo kisu hukata kwa uzito na kasi zaidi kuliko kwa makali, ndiyo maana hunolewa kikaachwa na ukingo butu wa milimita moja au mbili. Visu vifungwe viwili vyenye uzito sawa, na kimoja kikiharibika vyote viwili vibadilishwe, la sivyo mtetemo utazila beringi. Nimeona pia visu vilivyofuliwa mtaani kutokana na springi za gari. Hivyo sivikubali kabisa, kwa kuwa chuma cha springi kilichopashwa moto na kupozwa kwa kubahatisha huweza kuvunjika kikikutana na kisiki, na kipande chake hakitaanguka hapo hapo.

Giaboksi ndiyo huamua kama kuna haja ya kuendelea na ukaguzi. Fungua kizibo, uchovye kijiti, utazame oili: iliyo nyeusi si tatizo kubwa, lakini iliyogeuka rangi ya maziwa inaonyesha kwamba maji yaliingia na kukaa, na beringi zilizolala majini miaka kadhaa haziponi kwa kubadilishiwa oili. Shika shafti inayoingia, uitikise juu na chini, kisha uende chini ya mashine ufanye hivyo hivyo kwenye mhimili unaobeba visu. Mchezo (ulegevu) mdogo wa meno unaposokota shafti ni wa kawaida. Mchezo wa kwenda pembeni maana yake beringi zimekwisha. Tazama vilevile sili ya chini, ile pete inayozuia oili isivuje, juu ya ile sahani ya mviringo inayopanda visiki, mahali ambapo huku kwetu nyuzi za mifuko ya salfa hujizungusha pamoja na majani mpaka zikaikata sili bila dereva kujua. Sili ni ya bei ndogo, lakini giaboksi yenye ufa uliochomelewa siipitishi, kwa sababu sioni njia ya kuamini chuma cha kusubu kilichounganishwa chini ya mwembe.

Sasa tuje kwenye bolti na klachi, ambako mashine nyingi za aina hii huharibikia. Kila slasha imeundwa na sehemu dhaifu kwa makusudi, iliyo kati ya trekta na giaboksi, ili visu vikigonga kisiki sehemu hiyo iachie kabla ya meno ya gia. Katika mashine nyingi sehemu hiyo ni bolti laini, ambayo hukatika. Fundi aliyechoka kubadilisha bolti kila siku huweka bolti ngumu, mwenye shamba akafurahi kwamba mashine haisimami tena, kumbe mzigo wote umehamishiwa kwenye gia na kwenye krosi za shafti, vile viungo vinavyoiwezesha kupinda ikizunguka. Kwa hiyo soma kichwa cha bolti iliyopo. Ukikuta 8.8, au mistari mitatu au sita iliyochongwa, ambazo ni alama za bolti ngumu, jua kwamba huenda bolti hiyo si ya mahali hapo, na uichunguze giaboksi kwa shaka zaidi, kwa kuwa huenda imekwisha kupigwa mara nyingi bila kinga.

Mashine nyingine hutumia klachi ya kuteleza, yenye sahani zilizobanwa na springi, nayo ndiyo hudanganya zaidi. Ikikaa nje miaka miwili mitatu kwenye unyevu, sahani hushikana kwa kutu zikawa kitu kimoja, na kwa macho huwezi kuona tofauti. Jaribio lake ni rahisi. Pima urefu wa kila springi na uuandike. Chora mstari wa chaki kukatiza sahani zote. Legeza nati zote kwa kiasi sawa. Kisha, watu wote wakiwa mbali, dereva aingize PTO kwa sekunde chache tu na kuizima. Kila kitu kikiwa kimesimama, rudi utazame chaki. Mistari ikiwa imeachana, klachi inateleza, na springi zirudishwe kwenye urefu ule ule ulioandikwa. Mistari ikiwa bado imeungana, klachi ifunguliwe, sahani zisuguliwe au zibadilishwe, na mpaka hapo mashine isiende shambani hata kwa majaribio.

Kinga nyingine inahusu trekta lenyewe. Matrekta ya zamani yenye klachi ya hatua moja huendelea kusukumwa na visu hata baada ya dereva kukanyaga klachi, kwa kuwa uzito unaozunguka nyuma hurudisha nguvu kwenye giaboksi ya trekta. Dereva anayetaka kusimama mita mbili kabla ya shina la mkorosho hujikuta amelifikia. Dawa yake ni kifaa cha kuruhusu mzunguko wa upande mmoja tu, kinachovaliwa kwenye shafti ya PTO. Bila kifaa hicho, trekta la namna hiyo na slasha visifungwe pamoja.

Kifuniko cha plastiki cha shafti na minyororo inayoning'inia mbele na nyuma ya bamba ndivyo hukosekana karibu kila mara. Shafti isiyofunikwa ikinasa ncha ya kanga au mkono wa shati, mtu hana nafasi hata ya kupiga kelele. Minyororo huzuia vipande vya miti na mawe, ambavyo vinaweza kuruka mita 90 au zaidi. Na shamba la korosho halikosi watu, kwa kuwa upande mmoja unafyekwa huku upande wa pili akina mama wanapalilia na watoto wamekuja na mbuzi. Minyororo inapatikana kwa wauza vyuma na kuichomelea ni kazi ya saa chache, kwa hiyo anayeniambia kwamba kinga hizi ni gharama simwelewi.

Mashine ikiwa imepita hapo, bado linabaki swali la shamba. Udongo wa kichanga wa uwanda wa Makonde una mawe machache, na mikorosho iliyopandwa kwa nafasi ya mita 12 kwa 12 huacha njia pana. Katika shamba linalopaliliwa kila mwaka, slasha kuukuu iliyorekebishwa itafanya kazi nzuri katikati ya mistari, wakati chini ya matawi, ambako korosho zitaangukia na kuokotwa, kazi ibaki ya jembe na fyekeo. Mashamba pori ni habari nyingine. Shamba lililoachwa miaka mitano lina miti yenye unene wa mkono, vichuguu vilivyofunikwa na nyasi, na visiki vya mikorosho iliyokatwa ili kubebeshwa, yaani kuunganishwa na vikonyo vya mikorosho bora. Slasha ndogo hutengenezwa kwa ajili ya vishina vya sentimita mbili na nusu hivi, na kuitumia huko ni kuivunja. Nachingwea iliwahi kushuhudia, katika Mradi wa Karanga uliofutwa mwaka 1951, jinsi serikali ya Uingereza ilivyoshindwa kufyeka pori kwa kutegemea mitambo, mingi ikiwa imetumika vitani na spea zake hazipatikani; mkulima wa ekari kumi hana mfuko wa serikali. Panga na msumeno viingie kwanza, slasha ifuate mwaka wa pili.

Angalia pia isije ikafungwa kwenye trekta kubwa mno. Giaboksi ya nguvu farasi 40 nyuma ya trekta la 75 haitapata nafasi ya kulalamika, kwani injini haitazidiwa, ila gia zitakatika.

Jaribio la mwisho lifanyike mahali peupe, PTO ikiingizwa injini ikiwa taratibu, kisha ikipandishwa polepole hadi 540. Mtetemo unaofika kwenye kiti cha dereva ni sababu ya kuzima. Baada ya nusu saa ya kufyeka nyasi nyepesi, zima kila kitu uguse giaboksi: joto ni sawa, ila ikikushinda kuishika, kuna beringi inayokufa au oili haitoshi. Nati za visu zikazwe tena baada ya saa ya kwanza ya kazi, ufunguo wa trekta ukiwa mfukoni mwa yule anayeingia chini, na slasha ikiwa imeegemezwa kwenye magogo wala si kuachiwa haidroliki peke yake.