Mornington: gofu mchangani, mvinyo mlimani

Rasi ya Mornington, kusini mwa Melbourne nchini Australia, ina aina mbili za ardhi, na ukishazitofautisha hutahangaika kuchagua uwanja wa gofu. Juu, kwenye miinuko ya Red Hill na Main Ridge, udongo ni mwekundu wa asili ya volkano. Huko ndiko inakostawi mizabibu ya Pinot noir na Chardonnay. Chini, kuanzia Rye hadi Cape Schanck, upepo wa baharini umerundika matuta ya mchanga kwa maelfu ya miaka. Gofu iko huku chini.

Mchanga hunyonya maji upesi. Hata mvua za Julai zikipita, ardhi hubaki ngumu na mpira ukitua huendelea kubingiria. Mchezaji mzuri hapa hapigi juu akategemea mpira usimame. Huupiga chini chini, akwepe upepo wa Mlangobahari wa Bass, kisha miteremko imfanyie kazi.

Kama una nafasi ya raundi moja tu, nenda St Andrews Beach. Uwanja huu ulibuniwa na Tom Doak, Mmarekani, akishirikiana na Michael Clayton wa Australia. Ninachokipenda kwa dhati ni kwamba hawakuilazimisha ardhi: walitafuta mabonde na mabega ya matuta yaliyokuwa yakisubiri griini (eneo la nyasi fupi lenye kishimo cha mpira), wakaunganisha mashimo kwa kuyafuata. Shimo la 2 ni la mikwaju minne (idadi anayotarajiwa kutumia mchezaji hodari), lakini ni fupi kiasi cha kumshawishi mwenye nguvu alenge griini moja kwa moja. Nakushauri usimwige kabla hujatazama bendera inapepea kuelekea wapi. Tena uwanja huu uko wazi kwa umma, jambo ambalo kwa ubora wake ni bahati kubwa.

Uwanja wa The Dunes, kazi ya mbunifu Tony Cashmore, nao haubagui mgeni, na kwa anayeanza kuzoea gofu ya matutani nauona kuwa darasa zuri zaidi. Moonah Links ni habari nyingine. Uwanja wake uitwao Open ulibuniwa na Peter Thomson, bingwa mara tano wa The Open ya Uingereza, na mashindano ya Australian Open yalichezwa hapo mwaka 2003 na 2005. Ni mrefu, umejengwa kuwapima wataalamu. Kama mikwaju yako haiendi mbali, utachoka kabla hujaufurahia.

The National, Cape Schanck, ni klabu ya wanachama, hivyo unahitaji mwenyeji. Ukimpata, omba uwanja wake wa Gunnamatta, ambao Doak aliufumua na kuujenga upya ukafunguliwa 2019. Uwanja mwingine wa klabu hiyo, Old Course, uliobuniwa na Robert Trent Jones Jr., una mandhari ya bahari yasiyo na mpinzani, hasa shimo la 7, ila kwa mchezo wenyewe mimi nauweka nyuma ya Gunnamatta.

Anza mapema, kwa kuwa siku za joto upepo huzidi mchana. Baada ya raundi panda Red Hill uonje mvinyo, ila mkubaliane kabisa nani atakayeendesha gari: sheria ya jimbo la Victoria inaweka kikomo cha kileo kwenye damu kuwa asilimia 0.05, na polisi hupima madereva barabarani. Machi ni msimu wa mavuno, kwa hiyo weka mapema nafasi ya kuonja, maana watengenezaji wengi wanakuwa shambani.