Kabla ya Kumleta Labrador Nyumbani: Nani Atashika Kamba Alfajiri?

Mbwa wengi wa Nairobi wanaishi kwa ratiba moja: mchana wamefungiwa bandani, usiku wanafunguliwa walinde ua. Labrador au Golden Retriever akiingia katika boma lenye ratiba hiyo, shida huanza kabla hajatimiza mwaka. Atabweka kutwa, atafukua bustani, atararua nguo kwenye kamba, na siku geti likiachwa wazi atamrukia kila apitaye. Wenye mbwa husema ana kichwa kigumu. Kwa kweli ana nguvu nyingi na hana kazi ya kuzitumia.

Labrador chimbuko lake ni mbwa wa wavuvi wa Newfoundland, Kanada, akaendelezwa Uingereza na kutambuliwa rasmi huko mwaka 1903. Golden alianzia Scotland katika miaka ya 1860. Wote wawili walizalishwa ili wafuatane na mwindaji siku nzima, waingie majini, wamletee ndege aliyeanguka bila kumtafuna. Kwa hiyo tabia tatu ziko damuni mwao: stamina, hamu ya kubeba vitu mdomoni, na haja ya kuwa karibu na mtu. Banda linazikandamiza zote tatu kwa pamoja.

Kama unatafuta ulinzi, chagua mbwa mwingine. Huyu atabweka mgeni akifika, lakini mtu akimwita kwa upole huenda akamkaribia akitikisa mkia. Kumfanya mkali kwa kumfunga na kumchokoza huzaa mbwa mwoga, na mbwa mwoga huuma watoto wa nyumbani kabla ya mwizi.

Swali kubwa zaidi ni la muda. Mbwa mzima mwenye afya anahitaji kati ya saa moja na nusu na saa mbili za mwendo kila siku, pamoja na dakika chache za mafunzo. Ukubwa wa ua hausaidii sana, kwa sababu mbwa aliyeachwa peke yake hulala mlangoni akingoja watu. Sasa pima ratiba yako: anayeishi Syokimau au Ruiru na kufanya kazi mjini huondoka kabla ya jua kuchomoza na kurudi usiku. Mara nyingi jibu huwa, "Dada wa kazi atamtembeza." Muulize kwanza, kabla hujalipa hata shilingi. Huenda anaogopa mbwa. Huenda ni Mwislamu, na mate ya mbwa yatamlazimu kujitwaharisha kila mara kabla ya swala. Huenda kazi alizo nazo zinamtosha. Akikubali, hiyo ni kazi ya ziada, na malipo yake yaongezwe. Labrador dume hufika kilo 29 hadi 36, na asiyefunzwa kutembea na kamba anaweza kumwangusha mtu mzima.

Jaribio lifuatalo halina gharama. Kwa wiki mbili, atakayemtembeza mbwa atoke nyumbani saa kumi na mbili asubuhi na kutembea dakika 45, kisha arudie jioni, hata mvua ikinyesha. Zikikosekana siku tatu au nne, mbwa huyu atateseka kwenu. Wanaoishi karibu na Msitu wa Karura wana bahati, kwani mbwa wanaruhusiwa mradi wafungwe kamba.

Nyumba ya ghorofa si lazima iwe kikwazo, lakini soma mkataba wa kupanga kabla ya yote, kisha ujue ugumu wenyewe uko wapi. Mtoto wa mbwa wa wiki nane huhitaji kujisaidia kila baada ya saa mbili hivi, tena mara moja au mbili usiku. Wakati huohuo, mpaka amalize chanjo hafai kukanyaga ardhi ya nje inayopitwa na mbwa wengine, kwa kuwa kirusi cha parvo hudumu udongoni kwa miezi mingi na huua watoto wa mbwa kwa kuhara damu na kutapika. Hata hivyo, akifungiwa ndani mpaka chanjo ziishe, atakua akiogopa bodaboda, miavuli na watoto wanaokimbia, maana umri wa kuzoea dunia hufungika karibu na wiki ya 14. Basi mwekee trei ya magazeti kwenye roshani, na kila siku mbebe mikononi umshushe hadi getini akaone watu na kusikia matatu. Chanjo za kawaida hutolewa akiwa na wiki 6 hadi 8, zikarudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4 mpaka afike wiki 16. Ya kichaa cha mbwa huanza kwenye wiki ya 12 na kwa kawaida hapa kwetu hurudiwa kila mwaka. Hii ya mwisho usiikose kamwe. Mtu yeyote akiumwa na mbwa, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo.

Chakula ndicho kinachowaharibia Labrador maisha kuliko kitu kingine. Mwaka 2016 watafiti wa Cambridge walieleza kasoro ya jeni iitwayo POMC, inayopatikana kwa takriban robo ya Labrador wa Uingereza, ambayo humfanya mbwa atamani chakula kuliko kawaida hata asipokihitaji. Kwa hiyo macho ya kuomba si ushahidi wa njaa. Mzima wa kilo 30 hutosheka na gramu 350 hadi 400 za chakula kikavu kwa siku, zikigawanywa katika milo miwili. Mfuko wa kilo 15 utamtosha kama siku 40, nawe ufanye hesabu ya mwaka mzima kwa bei ya dukani kwenu. Pima kwa mizani, si kwa sufuria. Kila wiki pitisha vidole ubavuni bila kukandamiza: mbavu zihisike kama mifupa ya mgongo wa kiganja chako. Ukilazimika kuzitafuta, punguza chakula kwa sehemu moja ya kumi.

Ugali na matumbo pekee havimkuzi vizuri mtoto wa mbwa mkubwa, kwa kuwa kalsiamu huwa haitoshi. Dawa yake ni chakula cha watoto wa mbwa wakubwa, wala si vidonge vya kalsiamu, ambavyo vikizidi huharibu mifupa vilevile. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha, na unga ulioota ukungu huua ini. Akinenepa angali anakua, nyonga zilizo na kasoro ya kurithi huharibika mapema, hasa kwenye sakafu ya vigae vinavyoteleza.

Kuhusu kupe: baridi ya Nairobi haiwamalizi. Kupe wa mbwa huzaliana hata kwenye nyufa za kuta za banda, na hueneza Ehrlichia na Babesia, vijidudu vinavyoshambulia damu ya mbwa. Manyoya mazito ya Golden huwaficha vizuri. Baada ya kila matembezi kagua ndani ya masikio, chini ya kola, kwapani, katikati ya vidole na shinani mwa mkia. Ukimpata mmoja, mshike kwa kibanio karibu na ngozi, mvute moja kwa moja. Usimpake mafuta ya taa. Dawa ya kuogeshea ng'ombe isikisiwe, maana ikizidi humsumisha mbwa. Vidonge au kola ya kuzuia kupe vitumike mwaka mzima. Akikataa chakula, mwili ukachemka, ufizi ukapauka au pua ikatoka damu, mpeleke kwa daktari wa mifugo leo, usingoje Jumamosi.

Penye mtoto wa chini ya miaka mitano, tarajia aangushwe mara nyingi. Kwa miaka miwili ya kwanza mbwa huyu ni mwili mkubwa wenye akili changa, kwa hiyo wasiachwe wawili peke yao.

Ukiona bado anakufaa, usimnunue kwenye foleni ya magari. Nenda anapozaliwa, umwone mama akiwa na wanawe, uulize picha za eksirei za nyonga za wazazi, kadi ya chanjo yenye sahihi ya daktari, na karatasi za East Africa Kennel Club, chama kinachosajili mbwa wa ukoo, kama muuzaji anadai ni wa ukoo halisi. Asiye na wiki nane asiondolewe kwa mama. Na kama jaribio la wiki mbili lilikushinda lakini bado unatamani mbwa, nenda KSPCA, shirika la kutunza wanyama kule Karen, ukaulize mbwa mzima aliyetulia. Hao wengi ni machotara, tabia zao zimeshajulikana, na wapo ambao mzunguko mmoja wa mtaa kila jioni unawatosha.