Je, wajua kwa nini boneti iliyokaa upande kwa mbele hurekebishwa kwa nyuma?

Funga boneti ya gari la spoti, kisha simama mbele yake uchutame kidogo. Pembeni ya taa ya kushoto mwanya umeachia milimita 6, na pembeni ya taa ya kulia zimebaki 2, rangi karibu inagusana na fenda. (Kushoto na kulia humu ni kwa mtu aliyekaa kwenye kiti cha dereva.) Kasoro iko wapi?

Wengi tutanyoosha kidole palepale penye mwanya. Mimi niliamini hivyo kwa miaka, na imani hiyo niliifanyia kazi kwenye Toyota Celica ya kaka yangu hapa Kigoma. Tulilegeza loki ya boneti, ile inayokaa mbele karibu na rejeta, tukaisogeza kushoto, tukakaza, tukafunga kwa kishindo. Boneti ikakaa katikati. Tukaona kazi imeisha.

Haikuwa imeisha. Siku chache baadaye kufungua kukawa kwa shida: lazima mmoja avute waya ndani ya gari na mwingine abonyeze boneti kwa juu. Ile pete ya chuma iliyo chini ya boneti, inayoingia kwenye loki, ilikuwa imechubuka ubavu mmoja mpaka inang'aa. Kumbe loki haikuihamisha boneti. Iliikamata ikiwa imepotoka na kuivuta kwa nguvu kila tulipofunga. Bati lilikuwa linakaa limejikaza kama upinde, na bawaba kule nyuma zinabeba mvutano huo usiku na mchana.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu ndilo kosa ninaloliona mara nyingi zaidi, na lina ndugu zake wawili. Wa kwanza ni kuamini kwamba boneti yenyewe imepinda, kwa hiyo inyooshwe kwa goti au nyundo. Wa pili ni kusukuma fenda ili mwanya uzibe. Boneti za magari mengi ya spoti, kama Mazda MX-5 na RX-8, ni za alumini ili pua ya gari iwe nyepesi. Weka sumaku juu yake, haitashika. Alumini ukiipiga hukakamaa na kupasuka upesi kuliko bati la chuma, na kuirudisha ilivyokuwa ni kazi ya fundi bodi mwenye uzoefu nayo hasa. Nyundo iwe ya mwisho kabisa kufikiriwa.

Kipimo cha kwanza ni rahisi: fungua loki uitoe, kisha shusha boneti taratibu ilale juu ya raba zake bila kushikwa na kitu. Inapolala yenyewe, hapo ndipo ilipo kweli. Kwa Celica ile, kwenye gereji moja ya Gungu, mwanya ulirudi vilevile, 6 kwa 2. Fundi hakuugusa mdomo wa gari. Alizunguka akainamia chini ya kioo cha mbele, kwenye bawaba.

Sasa kwa nini nyuma? Fikiria mtumbwi pale Kibirizi. Ukipiga kafi upande wa kulia, ubavu wa kulia unasukumwa mbele, na pua ya mtumbwi inageukia kushoto. Hakuna aliyeigusa pua. Boneti ni hivyohivyo: imeshikwa na bawaba mbili, na tundu za bolti zake hutobolewa kubwa kuliko bolti ili kubaki nafasi ya kuisogeza. Kona ya nyuma kulia ikienda mbele kidogo, pua inakwenda kushoto. Kona ya nyuma kushoto ikirudi nyuma, matokeo ni yaleyale, kama kafi linalopigwa kinyume.

Tupige hesabu. Tuseme bawaba zimeachana mita 1 na boneti ina urefu wa mita 1.2. Kila milimita 1 unayoisogeza kona moja ya nyuma, pua inahama milimita 1.2. Kwenye gari lenye pua ndefu, boneti ya mita 1.5, inahama 1.5. Na jicho linaona maradufu, kwa sababu kinachopungua kushoto kinaongezeka kulia. Tofauti ya 6 kwa 2 inaonekana kubwa mno, lakini pua ikienda kushoto milimita 2 tu, pande zote zinakuwa 4. Kwa Celica ile, kilichotakiwa kwenye bawaba hakikufika hata milimita 2. Unene wa kadi ya benki ni milimita 0.76, chukua kadi mbili uzibane pamoja, uone jambo lilivyo dogo.

Kabla ya kulegeza, tazama kwa karibu kuzunguka kila bolti. Vumbi letu jekundu na rangi iliyofifia huacha duara, na ndani ya duara hilo rangi bado ni mbichi. Hiyo ndiyo alama ya mahali boneti ilipokuwa. Chora kingo za bawaba kwa penseli, ukipotea utarudi. Legeza bolti, usizitoe. Mtu mmoja kila upande, na kitambaa kwenye kona ili zisikwaruze fenda.

Hapa Toyota zina jambo moja zuri la kujua. Miongozo ya ukarabati ya Toyota nyingi inaeleza kwamba bolti za kiwandani za bawaba na loki ni za kuweka katikati: shingo yake inalijaza tundu lote. Unalegeza, unasukuma, hakuna kinachosogea, na hapo mtu anakimbilia nyundo. Dawa ni kuzibadilisha kwa bolti za kawaida zenye wosha, za saizi ileile. Nafasi inapatikana mara moja.

Kimo ni suala jingine, na ni fupi. Nyuma ikiwa juu kuliko fenda, shughulikia bolti zinazoshika bawaba kwenye bodi, au wosha zilizo chini yake. Mbele, kimo kinapangwa na zile raba mbili za pembeni zinazozungushwa kama skrubu.

Yote haya yanashika pale ambapo bodi ni nzima. Gari lililogongwa mbele linaweza kuwa na bawaba safi kabisa huku fremu ya rejeta imehama. Pima mshazari, kutoka bawaba ya kulia hadi taa ya kushoto, kisha kinyume chake. Vipimo vikitofautiana waziwazi, kazi si ya boneti tena. Pia si kila boneti imefungwa nyuma. Jaguar E-Type ya mwaka 1961 ina boneti kubwa iliyoungana na fenda zake, na bawaba ziko puani. Kwake mtumbwi unageuzwa kwa mbele.

Loki inarudishwa mwisho. Paka grisi kidogo kwenye pete, acha bolti za loki nusu-legevu, shusha boneti mara mbili tatu, kisha fungua utazame. Grisi ikifutika ubavu mmoja, fuata upande huo kwa loki, usifuate kwa boneti. Ikiguswa katikati tu, kaza. Halafu vuta waya ndani, nyanyua boneti kwa vidole, na uhakikishe ile ndoano ya pili ya usalama imeikamata kabla ya kuishika njia ya Ujiji.